Wamezikwa, lakini wapi? Vijana wa Marine waliopotelea Tarawa

Katika majalada ya jeshi la Marekani wamo vijana ambao habari zao zimeandikwa karibu zote. Jina lipo, namba ya utumishi ipo, siku na mahali alipouawa pametajwa, na mara nyingine hata makaburi aliyozikwa yanatajwa kwa namba. Kisha, chini ya hayo yote, inakuja taarifa kwamba hajapatikana. Kijana aliuawa wenzake wakiona, wakamzika kwa mikono yao, kasisi akamwombea, msalaba ukasimikwa. Inakuwaje mtu wa namna hiyo ahesabiwe miongoni mwa waliopotea, tena kwa zaidi ya miaka 80?

Swali hili nitalifuata hadi kwenye kisiwa kimoja kidogo cha Bahari ya Pasifiki, Betio, katika visiwa vya Tarawa, ambako Marekani na Japani zilipigana mwaka 1943 katika Vita Kuu ya Pili. Nimekichagua kwa sababu pale jibu liko wazi kuliko mahali pengi, na jibu lenyewe linauma. Wengi wa askari wa Kikosi cha Marine, yaani jeshi la Marekani la kushambulia kutoka baharini, waliopotea Betio hawakupotezwa na adui. Walipotezwa mapigano ya kisiwani yalipokwisha, na watu wa upande wao wenyewe, kwa tingatinga na kwa makaratasi.

Kwanza tutenganishe mambo yanayochanganywa. Orodha ya Marekani ya askari ambao hawajulikani walipo, tangu Vita Kuu ya Pili hadi vita vya miaka ya karibuni, ina majina zaidi ya 80,000. Takribani 72,000 kati yao ni wa Vita Kuu ya Pili. Anayeisikia idadi hiyo kwa mara ya kwanza hudhani ni watu waliotoweka bila shahidi, lakini sehemu kubwa sivyo. Zaidi ya 41,000 wanaaminika kuwa baharini, ndani ya meli zilizozama na ndege zilizoangukia majini, na wengi wao hakuna atakayewafikia. Wengine mifupa yao ilifukuliwa zamani, ikawekwa kwenye jeneza na kuzikwa kwa heshima zote katika makaburi ya taifa, ila jiwe halina jina. Hao mwili upo, jina ndilo lililokosekana. Halafu wapo waliozikwa palepale walipopigana, kaburi likapotea. Hao jina lipo, mwili ndio usioonekana. Linalotatiza zaidi ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa katika makundi mawili kwa wakati mmoja. Familia inaambiwa mwana wao hajapatikana, kumbe miaka yote hiyo amelala Honolulu, Hawaii, chini ya jiwe linalosema hajulikani.

Siku za maji mafu

Betio ni kipande cha mchanga na matumbawe chenye urefu wa kilomita tatu hivi. Upana wake, hata pale kinapopanuka, haufiki kilomita moja. Kiko karibu kabisa na ikweta, katika nchi ambayo leo inaitwa Kiribati. Wajapani walikuwa wamejenga uwanja wa ndege hapo, wakauzungushia mizinga, mahandaki, na ngome za zege na magogo ya minazi. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1943, Divisheni ya Pili ya Marine ilipelekwa kukiteka.

Mtu wa pwani ataelewa haraka kilichowapata. Mashua za kushushia askari zilihitaji maji ya kutosha juu ya mwamba unaokizunguka kisiwa, na siku hiyo maji hayakuja. Zilikuwa siku za maji mafu. Meja Frank Holland, mtu wa New Zealand aliyewahi kuishi Tarawa, alikuwa ameonya kwamba mawimbi ya kujaa na kupwa ya pale hayaaminiki katika siku kama zile. Mwaka 1987 mwanafizikia Donald Olson wa Texas alipiga hesabu za mwezi wa tarehe hiyo na kuonyesha kwa nini hali ilizidi ubaya wa kawaida: mwezi ulikuwa robo ya mwisho, na wakati huohuo ulikuwa karibu na sehemu ya njia yake iliyo mbali kabisa na dunia. Mvuto ukapungua kwa sababu hizo mbili kwa pamoja, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ikawa ndogo mno. Magari ya minyororo yanayoelea yaliweza kuupanda mwamba. Mashua zikakwama. Vijana wakaruka majini na kutembea mita mia tano na zaidi, maji kifuani, bunduki wameziinua juu ya kichwa, huku bunduki za rashasha zikiwaelekea kutoka ufukweni.

Mapigano yalichukua saa 76. Upande wa Marekani walikufa karibu watu elfu moja. Upande wa Japani kulikuwa na watu zaidi ya 4,500, wakiwamo vibarua wa Kikorea walioletwa kujenga ngome. Waliotoka hai ni askari 17 wa Kijapani na Wakorea 129. Hebu tafakari maana yake kwa aliyebaki na kazi ya kuzika: maiti zaidi ya elfu tano juu ya ardhi isiyofika kilomita mbili za mraba, jua la ikweta utosini, na minazi iliyokuwa ikitoa kivuli imefyekwa na mabomu.

Kufikia siku ya tatu sura za wengi zilikuwa hazitambuliki tena. Waliozika walitegemea kibati cha shingoni, jina lililoandikwa kwenye nguo au mkoba, au rafiki aliyesema huyu ni fulani. Baadhi walizikwa mmojammoja pale walipoangukia, katika shimo la bomu au kando ya handaki. Wengine walilazwa kwenye mitaro iliyochimbwa na tingatinga, bega kwa bega, wamefungwa katika makoti yao ya mvua kama sanda, buti zikiwa bado miguuni. Majeruhi waliofia kwenye meli walizikwa baharini. Wengine walichukuliwa na maji ya wangwa siku ya kwanza na hawakuonekana tena. Waliokuwa wakichimba na kubeba walikuwa rika moja na wale waliokuwa wakizikwa, wengi wao vijana wa miaka 18 hadi 22, hawajalala siku tatu. Sioni namna ya kuwalaumu kwa kutopima kila kaburi kwa kamba.

Siku chache baadaye vikosi vilivyopigana vilipakiwa melini na kupelekwa Hawaii kupumzika na kujiandaa kwa mapigano mengine. Hapa ndipo shida ilipoanzia. Waliojua nani amelala wapi, waliokumbuka kwamba mtaro ule ulianzia kwenye kisiki fulani na kuishia kwenye ukuta fulani, waliondoka wote kisiwani. Ujuzi huo ulibaki vichwani mwao, na baadhi yao waliuawa mwaka uliofuata katika kisiwa cha Saipan na kwingineko.

Kisiwa kilipopangwa upya

Waliofuata Betio walikuwa wajenzi wa jeshi la majini, na kazi waliyopewa ni kugeuza kisiwa kuwa kituo cha ndege haraka iwezekanavyo, kwa kuwa vita vilikuwa vinasonga mbele. Uwanja wa Wajapani ulipanuliwa ukapewa jina la Hawkins, kwa heshima ya Luteni William Deane Hawkins aliyeuawa katika mapigano yaleyale. Zikajengwa barabara, maghala, matangi ya mafuta, mahema. Kisiwa ni kidogo, na makaburi yalikuwa kila mahali. Misalaba ikang'olewa ili njia ipite. Baadaye, kwa nia njema kabisa, makaburi yakapambwa: misalaba ilipakwa rangi nyeupe na kupangwa katika mistari iliyonyooka, ikazungushiwa uzio, yakawekwa na maandishi ya kumbukumbu. Ni kazi ya watu waliotaka kuwaheshimu wafu. Matokeo yake ni kwamba misalaba mingi ilisimama mahali ambapo chini yake hapakuwa na mtu, na watu walibaki chini ya mahali pasipo na msalaba.

Mwaka 1946 ilifika kampuni ya 604 ya kusajili makaburi, ikiwa na jukumu la kuwafukua wote, kuwakusanya mahali pamoja na kuwaandaa kwa safari ya kurudi nyumbani. Walifuata misalaba, kama ambavyo mtu yeyote angefuata. Wakachimba, na mara nyingi hawakukuta kitu. Wakachimba mitaro ya majaribio huku na huku. Karibu nusu ya wafu waliojulikana hawakupatikana. Waliopatikana waliwekwa katika makaburi yaliyoitwa Lone Palm, kisha wakapelekwa Hawaii, ambako wataalamu walijaribu kuwatambua kwa meno, kimo na vitu vilivyookotwa nao. Walioshindikana walipewa herufi X na namba, wakazikwa katika makaburi ya taifa ya Honolulu, ndani ya kreta ya volkano ambayo watu huiita Punchbowl. Mwaka 1949 bodi ya jeshi ilipitia majalada ya waliobaki, moja baada ya jingine, na kuamua kwamba hawawezi kupatikana. Jalada likafungwa.

Ukiyasoma majalada ya namna hii unaona jinsi familia zilivyoyumbishwa. Kwanza ilikuja simu ya maandishi: mwanao ameuawa akiwa kazini. Baada ya miezi ikaja barua kwamba amezikwa vizuri katika makaburi namba fulani. Vita vikaisha, mzazi akaulizwa kama anataka mwili uletwe nyumbani au uzikwe kwenye makaburi ya jeshi. Mzazi akajibu, akasubiri. Halafu, miaka sita baada ya kifo, ikaja barua ya mwisho kwamba kaburi lile halikuonekana. Mtu aliyeambiwa tangu mwanzo kwamba mwili haupo angalau anajua analia nini. Hawa waliahidiwa kaburi, likatajwa kwa namba, kisha wakanyang'anywa kwa barua.

Cheo na sifa havikusaidia. Kwa ushujaa wa Betio zilitolewa nishani nne za heshima ya juu kabisa ya Marekani, tatu kati yake kwa waliokufa. Wawili, Hawkins na Sajini William Bordelon, walipatikana mapema. Wa tatu, Luteni Alexander Bonnyman, aliuawa tarehe 22 Novemba juu ya ngome kubwa ya mchanga na zege ambayo kikundi chake kilikuwa kinaivamia. Alikuwa na miaka 33, mtu mzima kati ya vijana. Mwaka 1947 binti yake wa miaka 12 alipokea nishani kwa niaba ya baba. Baba mwenyewe alikuwa bado chini ya mchanga wa Betio, katika makaburi namba 27, yale ambayo kampuni ya 604 iliyatafuta na kuyakosa.

Kutafuta upya

Katika muongo wa kwanza wa karne hii, shirika lisilo la kiserikali la Marekani liitwalo History Flight lilianza kuyatafuta makaburi hayo. Hawakuanza kwa jembe. Walianza kwenye nyaraka: ramani za wajenzi wa 1944, picha za angani, ripoti za waliozika, barua za manusura. Picha inayoonyesha msalaba mmoja pembeni ya ghala inatosha kumfikisha mtu karibu, kama ghala lenyewe linaonekana pia kwenye ramani yenye vipimo. Ndipo wakaenda kisiwani na rada inayopenya ardhini, ambayo huonyesha mahali udongo ulipowahi kuchimbwa na kufukiwa, pamoja na mbwa waliofundishwa kunusa mabaki ya binadamu.

Betio ya leo haikuwangoja. Imejaa watu kuliko sehemu nyingi za Pasifiki, na mitaro ya 1943 ipo chini ya nyumba, barabara, bandari na vibanda vya nguruwe. Ili uchimbe unaomba ruhusa kwa mwenye nyumba, unamhamishia jiko au banda lake, unalijenga tena ukimaliza. Risasi na mabomu ambayo hayakulipuka bado yamo ardhini. Watu wa Kiribati hawakuanzisha vita hivi, na wamekuwa wakijenga na kulea watoto juu ya makaburi ya wageni kwa vizazi vitatu. Uvumilivu wao ni sehemu ya kila mwili uliopatikana, na katika habari za sherehe za mapokezi huko Marekani hutajwa kwa nadra.

Mwaka 2015 mtaro wa makaburi namba 27 ulionekana, ukiwa na mabaki ya watu zaidi ya 30 waliolala kwa mpangilio uleule waliolazwa. Bonnyman alitambuliwa mapema kwa meno yake yaliyozibwa kwa dhahabu. Septemba mwaka huohuo alizikwa Knoxville, Tennessee, alikokulia, miaka karibu 72 tangu afe.

Wengi hawana meno ya dhahabu, na hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu watu hudhani siku hizi ni kuchukua kipande cha mfupa, kupima DNA na kupata jina. Kazi haiendi hivyo. Kazi hii hufanywa na DPAA, idara ya jeshi la Marekani ya kuwatafuta waliopotea vitani iliyoundwa upya mwaka 2015, katika maabara zake za Hawaii na Nebraska. Mtaalamu wa mifupa hupewa mabaki bila kuambiwa yanadhaniwa kuwa ya nani, ili asije akaona anachotaka kuona. Huyapanga mezani, huhakikisha ni ya mtu mmoja, hukadiria kimo na umri.

Ujana husomeka kwenye mifupa. Mtulinga, ule mfupa unaotoka bega hadi kifuani, ni miongoni mwa mifupa inayochelewa kabisa kukomaa. Ncha yake ya upande wa kifua huwa haijaungana kikamilifu hadi mtu avuke miaka ya ishirini na kitu. Mtaalamu akikuta ncha yenye mikunjo, isiyofunikwa, anajua aliyelala mbele yake alikuwa bado anakua. Huyu si mtu mzima aliyechagua vita kwa hesabu zake. Ni kijana wa miaka 18 au 19 ambaye mwili wake ulikuwa haujamaliza kumjenga.

Mtulinga huohuo una kazi ya pili. Mamilioni ya vijana walioandikishwa katika miaka ya 1940 walipigwa picha ya eksirei ya kifua ili kuwabaini wenye kifua kikuu. Picha nyingi zilihifadhiwa. Hakuna aliyefikiria kwamba zingetumika kwa jambo jingine, lakini katika picha ya kifua mitulinga huonekana pia, na umbo lake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Wanasayansi wa maabara ya Hawaii walitengeneza njia ya kulinganisha umbo la mtulinga uliofukuliwa na ule wa kwenye picha ya kijana siku aliyoandikishwa. Picha iliyopigwa kupima mapafu sasa inasaidia kurudisha jina.

DNA nayo ina masharti yake. Inayodumu zaidi katika mfupa wa zamani ni ile inayorithiwa kwa mama peke yake. Mama huwapa watoto wake wote, wa kiume na wa kike, lakini mtoto wa kiume hawezi kuipitisha mbele. Kwa hiyo ili kumtambua Marine aliyekufa mwaka 1943, hata kama aliacha mtoto, mtoto huyo hafai kwa kipimo hiki. Watoto wa kaka zake pia hawafai. Wanaofaa ni ndugu zake wa tumbo moja, watoto wa dada zake, wajukuu wa dada hao kwa upande wa binti, au jamaa wa upande wa mama yake mzazi. Vipimo vya ukoo wa baba vipo, na vipya zaidi vinaendelea kuboreshwa, lakini mfupa uliokaa muda mrefu kwenye mchanga wenye joto na chumvi hautoi kila kitu unachoombwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na watafiti wa nasaba wanaohangaika na sensa, vyeti vya ndoa na matangazo ya vifo, wakimtafuta mjukuu wa dada ambaye pengine hajawahi kusikia kwamba bibi yake alikuwa na kaka aliyekufa Tarawa. Kijana wa miaka 19 mara nyingi hakuacha mke wala mtoto, na kumbukumbu yake hufa pamoja na wazazi na ndugu zake.

Faida moja waliyonayo wanaoshughulikia Tarawa ni kwamba orodha ina mpaka. Waliokosekana pale ni mamia, na majina yao yote yanajulikana. Mabaki yakipatikana Betio hayalinganishwi na watu 72,000 bali na mamia hao, na kila anayetambuliwa hupunguza walio mbele. Tangu mwaka 2016 makaburi ya wasiojulikana wa Tarawa kule Punchbowl nayo yalianza kufunguliwa, mifupa ikarudishwa maabara. Hapo likadhihirika jambo jingine: kampuni ya 604 ilipofukua kwa haraka mwaka 1946, haikuwa ikiuchukua mwili mzima kila mara. Kuna waliozikwa Honolulu sehemu moja ya mifupa huku nyingine ikibaki Betio. Kwa njia zote mbili, wa Tarawa waliotambuliwa sasa wamepita mia moja.

Walio nje ya uwezo wa rada

Si kila mahali pana mtaro wa kutafuta. Kule Iwo Jima, kisiwa cha Japani, Sajini William Genaust alikuwa mpiga picha wa Marine, na ndiye aliyerekodi kwa filamu ya rangi askari wakisimamisha bendera juu ya mlima Suribachi tarehe 23 Februari 1945. Siku tisa baadaye, tarehe 4 Machi, aliuawa mlangoni mwa pango kwenye kilima kilichoitwa 362A. Pango likafungwa kwa mabomu na udongo pamoja na waliokuwa ndani. Mwaka 2007 timu ya jeshi ilienda kumtafuta kwenye kilima hicho ikarudi bila kumwona. Mamilioni wameona alichokirekodi. Yeye mwenyewe inaaminika bado yumo ndani ya kile kilima.

Na wasio Wamarekani je? Japani ilipoteza watu takribani milioni 2.4 nje ya visiwa vyake vikuu katika vita vile, na zaidi ya milioni moja hawajarudishwa. Wapo pia Wakorea, ambao wengi hawakwenda Betio kwa hiari. Ukifukua kisiwa kile mifupa haikuambii utaifa wake, na kwa miaka mingi iliyoonekana si ya Kimarekani ilihesabiwa tu kuwa ya Kijapani. Ni mwaka 2023 ndipo kibarua mmoja wa Kikorea aliyefia Tarawa alirudishwa Korea Kusini baada ya kutambuliwa kwa DNA. Mmoja, kati ya zaidi ya elfu moja.

Msomaji wa kwetu atauliza, na ana haki ya kuuliza, wetu wako wapi. Tarehe 12 Februari 1944, chini ya miezi mitatu baada ya Tarawa, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na manowari ya Kijapani ya chini ya maji karibu na Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Ndani yake walikuwamo karibu elfu moja wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko. Watu karibu 1,300 walikufa. Hao ni wa kundi la baharini, na hakuna rada wala mbwa atakayewaleta. Wengine, wa King's African Rifles, walikufa Burma mwaka 1944 na kuendelea, katika bonde la Kabaw lililojaa malaria na matope, na baadhi hawana kaburi linalojulikana.

Tofauti kubwa iko kwenye majalada. Marine asiyepatikana ana eksirei yake, jedwali la meno, barua za mama yake, kimo chake kwa inchi. Mpagazi wa Vita Kuu ya Kwanza aliyebeba risasi kutoka Voi au Lindi hadi akaanguka njiani kwa kuhara, mara nyingi hata jina halikuandikwa. Hao ndio walioacha jina la Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita hivyo, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa sehemu ya sababu. Kwa Betio kulikuwa na tingatinga na haraka ya vita. Kwa wapagazi kulikuwa na uamuzi wa watu waliokaa ofisini kwamba majina ya hao hayahitajiki. Naona makosa haya mawili hayalingani hata kidogo, na la pili ni zito zaidi, kwa sababu rada inaweza kutafuta kaburi lakini hakuna mashine ya kutafuta jina ambalo halikuandikwa.

Wa Vita Kuu ya Pili hali yao ni nafuu. Askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi wameandikwa kwenye kumbukumbu za Nairobi na za Taukkyan nje ya Rangoon, na majina yote yako kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Tume hiyo, ambayo mtu huipekua bila malipo kwa jina, kikosi, namba ya utumishi au nchi. Anayemtafuta babu aanze na namba ya utumishi kama bado ipo kwenye karatasi au nishani yoyote nyumbani. Majina yaliandikwa na makarani wa kizungu kwa kusikia tu, na wengi waliwekewa jina moja bila la baba, kwa hiyo jaribu tahajia zaidi ya moja: Mohamed, Mohamedi, Muhammad. Na kabla wazee hawajaondoka, waulize kikosi na bandari aliyopandia meli, maana hivyo viwili hupunguza orodha kuliko jina lenyewe.